Sauti Nyembamba

Nyumbani,
8 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini ulirudi kazini salama na kwamba kitanda chako cha bwenini hakikupewa mtu mwingine. Sisi tupo. Mama anakohoa kidogo, lakini kila Jumapili anajifanya ana haja ya chumvi ili awe karibu na simu ya dukani. Sasa nyumba hii ina chumvi ya kumhifadhi ng'ombe mzima. Tafadhali piga.

Nakuandikia hasa kwa sababu ya pedali yako, kile kisanduku cha kubadilishia sauti ya gitaa. Siku ya kuondoka uliniwekea mikononi ukasema, "Bi Kalamu, humu ndani kuna bendi nzima, kazi yako ni kukanyaga tu." Nimekanyaga. Jumamosi niliibeba mpaka kwenye mazoezi, katika ile gereji nyuma ya karakana ya makochi. Nilichomeka nyaya kama ulivyonichorea, nikachagua sauti yako ya kwanza, ile uliyoipa jina la "Asubuhi", nikapiga gitaa. Mpiga besi aliinamisha kichwa kama aliyerushiwa jiwe. Kiongozi akanyanyua mkono, bendi yote ikanyamaza. Akaniuliza, kwa ule upole wake unaoudhi kuliko matusi, "Mwanangu, hilo ni gitaa au msumeno?"

Watu wakacheka. Mpiga ngoma akasema ana mbao nyumbani, nipite nikampasulie.

Najua uliziweka sauti zile mwenyewe, umeinama juu ya pedali likizo nzima mpaka Mama akasema mgongo wako utagandia hapo. Kwa hiyo lazima kuna kitu ninachokosea mimi. Nimesoma kijitabu chake chote, pamoja na kurasa za lugha nisizozijua.

Kiongozi hajabadili neno lake. Kiti chako cha gitaa anakuwekea mpaka mkataba wako wa kiwandani uishe mwezi wa sita, maadamu mimi nakikalia vizuri. Ukumbi mpya unafunguliwa mwisho wa mwezi huohuo na bendi yetu ndiyo itakayopiga. Ile "maadamu" aliisema kwa mkazo.

Nifanyeje ili pedali hii itoe sauti yake bora?

Mdogo wako


Bwenini,
21 Februari

Bi Kalamu,

Marahaba. Kitanda kipo, ila godoro langu mtu kalibadilisha, na sasa nalalia kitu kama gunia la viatu. Mwambie Mama simu ya kiwandani ina foleni ndefu, na nyuma yake mashine za presi zinagonga mabati mchana kutwa, hata mawazo yako huyasikii. Nitapiga nikiweza. Barua ni bora. Barua unaweza kuirudia.

Sasa nifuate polepole.

Usitengeneze sauti chumbani. Chumbani kila sauti ni tamu kwa sababu uko peke yako. Nenda gerejini, waache wote wapige, ndipo uanze kugeuza vitufe. Spika iinue juu ya meza. Ikiwa sakafuni inaipigia miguu yako, na masikio hayako miguuni. Halafu zima kila kitu ndani ya pedali. Baki na gitaa tupu. Vitufe vya amplifaya vyote viwe saa sita, alama ikitazama juu. Gitaa likiwa baya likiwa tupu, ukilipamba litakuwa baya lenye mapambo.

Ndani ya pedali kuna kitu kinachoigiza spika. Kiliwekwa kwa ajili ya wanaosikiliza kwa hedfoni. Wewe una spika ya kweli, kwa hiyo kizime, la sivyo utakuwa kama mtu aliyevaa koti juu ya koti. Kisha anza na mkwaruzo, ule unaoifanya sauti ya gitaa ikwaruze. Uongeze mpaka uupende, halafu urudishe nyuma kidogo, maana ukiwa peke yako unaupenda kupita kiasi na ukiwa na wenzako unazimeza noti. Mwangwi weka mwisho, tena mdogo. Msikilizaji asijue upo mpaka siku utakapouzima. Na zilinganishe sauti zote ukubwa, usije ukakanyaga kutoka kwenye mnong'ono ukaangukia kwenye kelele.

Hayo yote geuza utakavyo. Ila kitufe cha sauti nyembamba cha kwenye pedali usikiguse. Nimekiweka saa tisa, alama ikitazama kulia, na nina sababu. Ile amplifaya imezeeka. Likizo nzima niligeuza na kugeuza, bado gitaa lilikuwa kama limefunikwa blanketi. Inameza kila kitu chembamba. Wewe hukujua gitaa lilivyokuwa likilia zamani. Mimi najua.

Kishike kile kiti, mdogo wangu. Huku mtu anaamka kwa sababu ya kitu. Mimi naamka kwa sababu ya kiti kile.

Kaka yako


Nyumbani,
17 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimefanya yote. Spika iko juu ya meza. Kile kiigizaji cha spika nimekizima, na mpiga besi akasema, "Kumbe!" Mkwaruzo niliupenda, nikaurudisha nyuma. Mwangwi ulipokaa mahali pake, Kiongozi alifumba macho. Najua maana ya kufumba macho kwake, nawe unaijua.

Kisha akayafumbua. Ni ile sauti nyembamba. Iko juu ya kila kitu kama sindano. Mpiga besi anakuja na pamba masikioni. Mtoto wa fundi makochi, anayelala hata wakigonga misumari, aliamka akalia. Nilifikiri ni amplifaya kama ulivyosema, nikaisukuma kwa mkokoteni mpaka kwa fundi redio. Aliifungua, akaipima, akairudisha akisema, "Binti, hii ina afya kuliko mimi."

Sijagusa kitufe chako, Kaka. Uliniambia nisikiguse. Lakini Kiongozi amesema kuna mpiga gitaa wa hotelini anayetaka kusikilizwa, na kwamba yeye hawezi kufungua ukumbi mpya kwa kuwatoboa watu masikio.

Sasa jambo la pili, na hili naliandika nikiwa na hasira, nisamehe. Jumapili ulipopiga, mimi nilikuwa shuleni kwenye usafi. Mama alikwambia ameanguka jikoni na nyonga inamuuma hata hawezi kusimama vizuri. Alikwenda dukani ameshikiliwa na jirani ili akwambie hilo. Nawe ukamjibu, "Safi sana, Mama, safi kabisa, endelea hivyohivyo!" Akarudia. Ukacheka ukasema, "Nami huku hivyohivyo, tunamshukuru Mungu."

Mwenye duka alisikia, simu yake inapaza sauti. Mama alicheka pia, akamwambia, "Kijana wangu anapenda utani." Alipofika nyumbani alilala akageukia ukutani na hakutaka chai.

Kaka, ulikuwa unafanya utani gani?

Mdogo wako


Bwenini,
30 Machi

Bi Kalamu,

Mpigie Mama magoti kwa niaba yangu. Laini ilikuwa mbovu, inakatikakatika. Nilidhani ananiambia habari za nyumba. Mwambie sikusikia. Mwambie ningesikia ningelia hapohapo mbele ya foleni nzima. Je, ameonwa na daktari? Niandikie kila kitu, kwa herufi kubwa ukitaka.

Kuhusu gitaa. Mpiga besi ana pamba masikioni tangu nimjue, ndiyo maana yuko nyuma ya mpigo. Fundi redio anatengeneza redio. Nani kati yao amekaa na gitaa lile kuliko mimi? Saa tisa haitoshi, sasa naona. Peleka saa kumi. Peleka mpaka mwisho. Lazima kuwe na makali, la sivyo noti zote zinakuwa uji.

Usimwache huyo mtu wa hotelini akalie kiti changu. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Kaka yako


Nyumbani,
19 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama ameonwa. Mfupa haukuvunjika, umepata ufa, na anatembea kwa fimbo. Amekusamehe. Anasema simu ndiyo yenye makosa.

Barua hii nimeianza mara kadhaa. Nitakueleza kilichotokea darasani, kisha nikuulize swali moja.

Mwalimu wa fizikia aliazima mashine chuoni. Ni kisanduku chenye kitufe kimoja kinachotoa mlio, na ukizungusha, mlio unapanda kutoka mnene hadi mwembamba. Alituambia tusimame, na kila mtu akae pale anapoacha kuusikia. Mwenyewe alisimama pamoja nasi. Akazungusha. Mlio ukapanda, ukawa kama filimbi, ukawa kama mbu. Mwalimu akakaa. Akasema, "Basi, mashine imefika mwisho wake, kaeni." Darasa zima lilikuwa bado limesimama. Tukapiga kelele, "Mwalimu, bado inalia!" Alikigeukia kile kisanduku, akakitazama kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake.

Wenzangu walicheka. Yeye hakukasirika. Alisema ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana, na vinavyosikia sauti nyembamba ndivyo vinavyokufa mwanzo, kwa umri au kwa kelele, navyo havioti tena. Akasema mwenye masikio hayo huwa hajui. Haoni giza kama kipofu. Anaona tu watu siku hizi wananung'unika, na redio zote zimezeeka, na muziki wote umefunikwa kitu.

Kaka, wewe uliandika neno blanketi.

Nilikaa pale nikakukumbuka ulivyokuwa likizo. Birika lilipiga mluzi mpaka maji yakakauka na wewe umekaa kando yake. Mama akakufokea, ukasema ulikuwa unawaza. Na tulipozungumza ulikuwa unatutazama midomo. Nilidhani ni kwa sababu ulikuwa umetukumbuka.

Swali langu ni hili. Je, unasikia?

Kama nimekosea, nitukane, nitafurahi. Kama sijakosea, sitamwambia Mama wala Kiongozi mpaka uniruhusu. Lakini toka kwenye hizo presi. Wanawapa hata vizibo vya masikio? Sauti zako zote zimo ndani ya pedali kama ulivyoziacha. Nimezinakili pembeni tu, na kwenye nakala nimerudisha sauti nyembamba chini, mpaka kabla ya saa sita. Mtoto wa fundi makochi sasa analala.

Tafadhali jibu, hata neno moja.

Mdogo wako


Bwenini,
24 Mei

Kwa binti,

Salamu. Hunijui. Mimi ni jirani wa kitanda cha kaka yako, na kazini tulikuwa tunashika presi moja. Uniwie radhi kwa mwandiko. Huu ni mkono wa kushoto, nao haujazoea kalamu.

Barua zako zilifika zote. Ile ya darasani aliisoma amesimama, kisha akaketi, kisha akaiweka chini ya godoro. Hakula. Nilimuuliza, "Kuna msiba?" Akaninyooshea karatasi niisome. Nilisoma nikamwambia, kwa kumtazama usoni kama tulivyozoea, "Huyu mtoto ana akili. Nenda nyumbani." Akasema mkataba umebaki kidogo, akivunja hapati barua ya kazi, na akirudi kabla ya wakati watamuuliza kwa nini.

Nikueleze kazi yetu ilivyo. Mimi nalaza bati chini ya presi, naondoa mikono, naita. Yeye anakanyaga pedali na presi inashuka. Yule anayekanyaga hakuoni mikono, bati linamkinga, anategemea kusikia. Alipoanza kutosikia niligundua mimi, kwa sababu alikuwa anachelewa. Hatukumwambia msimamizi. Tulifunga uzi kutoka kwenye kiwiko changu mpaka kwenye mkanda wake. Nikiuvuta, anakanyaga. Tulifanya kazi hivyo muda mrefu na hatukuharibu hata bati moja. Tulijiona wajanja.

Wiki mbili zilizopita msimamizi aliuona uzi, akaukata kwa kisu. Akasema, "Uzi karibu na mashine! Mnataka kufa?" Na ni kweli, ni hatari, amefanya kazi yake. Tungeweza kumwambia palepale uzi ule ulikuwa wa nini. Hatukusema. Tulitazamana tukaendelea. Bati likakaa upande. Nikapiga kelele asubiri, nikarudisha mkono kulinyoosha. Yeye aliliona bega langu linasogea. Alifikiri ndiyo ishara, akakanyaga.

Simlaumu. Nimemwambia hivyo kwa mdomo na kwa maandishi. Wote wawili tumeachishwa kazi. Analala ameelekea ukuta. Hataki kuja kwenu. Ameniambia, "Kile kiti nimekipoteza, na mkono wako pia." Sijui ni kiti gani. Labda wewe unajua. Kama unajua, mwandikie.

Jirani wa kitanda


Nyumbani,
2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimepata barua ya rafiki yako. Nimemsomea Mama, kwa sababu singeweza kuibeba peke yangu. Mpe pole yetu, ingawa najua pole ni neno dogo na ninaona haya kuliandika.

Ameniambia unasema umepoteza kiti. Basi nikueleze habari za kiti, kwa utaratibu, usije ukazisikia vibaya kutoka kwa wengine.

Jumamosi Kiongozi alimleta yule mtu wa hotelini. Ana viatu vinavyong'aa na gitaa jeupe. Alipiga vizuri, Kaka, sitadanganya. Vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Kisha nikapiga mimi. Nilitumia "Asubuhi". Mkwaruzo wako, mwangwi wako, ukubwa wako, kila kitu ulichonifundisha kwa barua. Nilichobadili ni kile kitufe kimoja tu. Yule mtu wa hotelini aliinama kuitazama pedali, akauliza, "Nani amekutengenezea sauti hii?" Nikasema, "Kaka yangu." Akaitazama tena, akafunga gitaa lake kwenye sanduku. Kiongozi alimsindikiza, akarudi, akaniambia, "Kiti ni chako."

Nikamwambia si changu, ni chako. Ndipo ikabidi nimweleze. Aliketi juu ya kochi lisilo na mto, akijisugua magoti. Akasema, "Mwambie nitamkosa." Halafu akasema hawezi kumwekea kiti mtu asiyesikia, na kwamba ama nikikalie mimi kwa jina langu, ama amwite yule mwenye viatu.

Sijamjibu. Nimeomba muda mpaka nipate neno lako. Ukisema nisikikalie, sitakikalia, na sitakuchukia. Mimi nilitaka kukushikia tu. Kila nikipiga nilikuwa nahesabu kwamba utaingia mlangoni ukisema, "Haya, ondoka hapo." Sikuwahi kufikiria siku ambayo hutaingia.

Mdogo wako


Chumbani kwetu,
15 Juni

Bi Kalamu,

Marahaba.

Tumetoka bwenini. Tumepanga chumba nyuma ya kiwanda cha sabuni, mimi na yule jirani yangu wa kitanda. Asubuhi namfungia vifungo vya shati, namkatia mkate, namfungia kamba za viatu. Yeye mtu akigonga mlango ananigusa. Muuza maji anatuita "mume na mke". Rafiki yangu alicheka sana kwa hilo. Anacheka, fikiria. Mimi nikiona kile kitambaa mkononi mwake natoka nje.

Siwezi kuja sasa. Anakwenda hospitali kubadilishwa kitambaa, na hana mtu. Siwezi kumwacha nikaja kukaa kwenye kochi nikipewa pole.

Uliuliza swali mwezi wa nne, nami sikukujibu. Jibu ni hili. Nasikia lori. Nasikia mlango ukifungwa kwa nguvu. Nasikia sauti ya rafiki yangu kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Gitaa nililishika likizo nikidhani nimelisahau. Sikulisahau. Nilikuwa nalitafuta mle ndani ya pedali na halipo.

Kiti kikalie. Usikikalie kwa ajili yangu. Nakujua, tangu mwanzo umekaa ukingoni kama mtu anayemwekea mwenzake nafasi. Sogea nyuma. Egemea. Na zile sauti zangu zenye makali zifute, zote, baki na nakala zako. Usiziweke kama picha ya marehemu.

Nakuomba kitu kimoja. Mkishafungua ukumbi, niandikie ilivyosikika. Usiandike "ilikuwa nzuri". Nzuri hainiambii kitu. Wewe una kalamu, itumie.

Kaka yako


Nyumbani,
1 Julai

Kaka,

Shikamoo, na umpe shikamoo yangu rafiki yako.

Tulipiga jana alasiri. Nimezifuta. Nilizifuta asubuhi kabla ya kuondoka, moja baada ya nyingine, na kila mara pedali iliniuliza kama nina hakika. Mwisho niliizima nikatoka nje kidogo.

Sasa naandika ilivyosikika.

Ukumbi ni mrefu, una sakafu ya mbao, na ulipokuwa mtupu kila kitu kilirudi mara mbili. Watu walipojaa nguo zao zilimeza yale marudio, nikaongeza mwangwi kidogo, kidogo tu, kama ulivyosema. Besi ilikuwa chini ya viatu. Hiyo ungeisikia, naamini, ingekujia kifuani. Ngoma ilikuwa kama mtu anayetembea kwa haraka kwenye korido akijua anakokwenda. Juu ya hivyo nikaingia mimi.

Kabla ya noti kuna kidole kinachogusa waya. Ni mkwaruzo mdogo sana, kama karatasi ya barua inapokunjwa. Kisha noti inafunguka, na ndani yake kuna kitu chembamba kinachong'aa, kama ukingo wa glasi mtu akiuzungushia kidole kilicholowa. Hakikati. Kinakaa juu ya noti, kinabaki baada yake, kisha kinakwenda. Nadhani hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta likizo nzima. Kipo, Kaka. Kilikuwepo wakati wote ule ulipokuwa umeinama. Nilitaka ujue kwamba hukukosea kukitafuta.

Katika wimbo wa tatu nilikosea. Nilikanyaga mapema, sauti ikabadilika kabla ya mwimbaji kumaliza, naye akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Mpiga ngoma ananiita "Miguu Mbele" tangu jana. Baada ya hapo nilipiga vizuri, nadhani kwa sababu nilikuwa sina tena cha kuogopa. Niliegemea. Kiti kile kina msumari nyuma, hukuniambia.

Wimbo wa mwisho ulipoisha, watu hawakupiga makofi mara moja. Palikuwa na kimya kidogo, ukumbi mzima. Nilikufikiria hapo.

Mama alikuwa kiti cha mbele na fimbo yake. Nyumbani amenizuia kukuandikia barua ya kukuita, anasema wewe ni mtu mzima na una mgonjwa wa kumtunza. Halafu akauliza kama rafiki yako anakula pilipili. Siku hizi namkuta amesimama mbele ya kioo akisema maneno polepole, "ma-ji", "cha-ku-la", "ka-ri-bu", akiutazama mdomo wake mwenyewe. Akiniona anajifanya anatengeneza kitambaa cha kichwa.

Ameniambia nisiandike kwamba amelia. Kwa hiyo naandika tu kwamba leo, akiwa ameegemea ukuta kwa sababu ya nyonga, amefua shuka za vitanda viwili.

Mdogo wako